Kimto cha Pini Nyeupe

Daftari la wapiga kura lilibandikwa ukutani siku ya Jumatatu, nje ya ofisi ya kata. Lingekaa pale wiki mbili ili kila mtu ajitazame.

Kila asubuhi fundi viti alifunga karakana, akavaa koti, akaenda kulitazama. Kusoma hakujua. Lakini jina la mke wake alilijua kwa umbo, kama anavyokijua kiti alichokiunda yeye hata akikikuta sebuleni kwa watu. Karatasi ya tatu, mstari wa nne kutoka chini. Lilianza na milima miwili iliyoshikana na kuishia na kipaa chenye boriti katikati. Alisimama mbele yake kidogo, akarudi kazini.

Siku ya kwanza mlinzi wa ofisi alimuuliza kama jina lake halimo. Akajibu limo. Siku ya tatu mlinzi akamletea kiti. Fundi akakitikisa kabla ya kukalia, akaona mguu mmoja umelegea, akasema atakuja na gundi.

Mke wake alikuwa na miezi minne kaburini. Nguo zake binti yao alizigawa. Laini yake ya simu ilifungwa. Hata godoro, upande wake, lilikuwa limeanza kuinuka. Sponji ilikuwa inasahau. Ni pale ukutani tu alipokuwa bado anahesabiwa pamoja na watu.

Na pale ndipo alipotakiwa amtoe. Aliyefariki huondolewa daftarini kwa fomu, na fomu hutiwa saini au kidole na ndugu wa karibu kuliko wote, si mtu mwingine. Mwisho ulikuwa Ijumaa ya wiki ya pili, saa kumi alasiri. Baada ya hapo daftari lingefungwa, na jina lililobaki lingebaki mpaka uchaguzi upite.

Fundi alikuwa ameshaamua. Libaki.

Mtaani mke wake walimwita Bi Katikati. Jina lilianza kama dhihaka. Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake kilikuwa mbele, barabarani, karakana ya mume ikiwa nyuma, na mlango mmoja katikati ambao haukufungwa kamwe. Mwaka ambao mtoto wao wa mwisho alianza shule, alijiunga na Umoja wa Wanawake Wapiga Kura. Alimwambia mume wake siku hiyohiyo, huku akikata uzi kwa meno. Mume akauliza ni wa chama gani. Akajibu si wa chama. Mume akasema hakuna kitu kama hicho. Akajibu kipo sasa.

Umoja ule ulikuwa na sheria moja iliyozaa nyingine zote: mwenye chama akiache mlangoni pamoja na viatu. Hakuna kumsifia mgombea. Hakuna kumponda. Hakuna kuvaa rangi ya chama kwenye kazi ya Umoja. Vyama vilipoongezeka, rangi zikaisha. Zikabaki kahawia na kijivu. Bi Katikati akajishonea magauni mawili, moja la kahawia, moja la kijivu. Mume akamwambia anafanana na kabati. Akajibu kwamba kabati linatunza nguo za wote.

Asubuhi aliambiwa ni wa hawa, jioni akaambiwa ni wa wale. Siku aliyotukanwa na pande zote mbili alirudi nyumbani akiimba. Alisema siku kama hiyo ndiyo anajua amesimama sawasawa.

Aliwafundisha wanawake kupiga kura kwa karatasi ya matunda. Chungwa, ndizi, nanasi, papai, kila tunda na kisanduku chake, maana angeweka sura za watu angeambiwa anapiga kampeni. Na hata matunda yalimletea maneno. Mtu alilalamika kwamba ndizi ina rangi ya chama fulani, ikabidi yote yachorwe upya kwa penseli. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa mume wake mwenyewe. Alama yake iliangukia nusu kwenye chungwa, nusu kwenye nanasi.

“Imeharibika, Fundi,” akamwambia. “Chungwa limekosa, nanasi limekosa, na wewe umekosa siku nzima ya foleni.”

Akamrudisha mara sita.

Miaka thelathini na moja walitoka pamoja siku ya kura, wakapanga foleni pamoja, wakarudi pamoja. Mke hakuwahi kumwambia amempigia nani. Wala hakumuuliza yeye. Mara moja Fundi alimtega. Akasema, kama anayeongea na ukuta, kwamba mgombea fulani si mbaya. Mke akasema chai inapoa.

Halafu kulikuwa na viti.

Umoja uliandaa midahalo. Wagombea wote walikaa mbele ya watu, wakaulizwa maswali yaleyale, wakapewa dakika zilezile. Mdahalo wa kwanza kabisa, mgombea mmoja alikuja na kiti chake mwenyewe, chenye mgongo mrefu, kimebebwa na wanaume wawili. Bi Katikati alimshukuru sana. Alisema walikuwa wanatafuta kiti cha namna hiyo hasa, kwa ajili ya mstari wa mbele. Kikakaliwa jioni nzima na bibi muuza mkaa, mwenye kiuno kibovu, na mgombea akakaa kwenye benchi kama wenzake. Bibi yule aliuliza mdahalo mwingine ni lini.

Baada ya hapo alimwagiza mume wake viti sita. Vilingane kimo, vilingane upana, vilingane mto. Fundi aliviunda, akavipanga. Mke akaja na tepu yake ya kushonea, akapima kimoja kimoja, akarudisha vitatu. Fundi aliudhika. Alikuwa fundi wa miaka mingi, na leo anapimwa kwa tepu ya cherehani. Akaweka ubao juu ya viti viwili, akaweka bakuli la maji juu ya ubao, ili amwoneshe. Maji yakaegemea upande mmoja. Fundi akaondoa bakuli. Akashika randa.

Tangu siku hiyo, kila mwaka wa uchaguzi, alivishusha viti vile sita kutoka darini na kuvipima upya kwa maji, maana mbao zinahama zenyewe. Na yeye Bi Katikati, aliyeshika kengele ya muda, alikaa kwenye kigoda kifupi kuliko vyote. Alisema mgawa dakika hana haja ya kuonekana.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa daftari. Nakala ikitoka, wanawake walikuja chumbani kwake na miwani yao, wakaiweka juu ya meza ya kukatia nguo, wakapita jina kwa jina. Wino ukikosea umekosea. Kwa hiyo alitumia pini. Aliye hai na jina lake limekosewa, pini nyekundu. Aliyehama, nyeusi. Aliyefariki, nyeupe. Fomu ikipokelewa ofisini, pini inang'olewa. Mtu akipita dirishani angedhani wanashona gazeti.

Pini nyeupe alizishughulikia yeye. Alikwenda nyumba yenye msiba uliopoa, na fomu hakuitoa mapema. Alikaa. Aliomba aambiwe marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Akasikiliza mpaka mwisho, na kama mwisho haukufika siku hiyo, alirudi kesho. Muuza nyama wa pale kona alilishikilia jina la mama yake miaka tisa. Alimwendea mara nane. Mara ya nane, muuza nyama mwenyewe ndiye aliyeuliza kalamu iko wapi.

Fundi aliyaona haya yote kutoka mlango wa katikati, akiwa na nyundo mkononi. Hakuuliza sana. Hawakuwa watu wa maneno, au tuseme yeye hakuwa, na mke alishamzoea.

Jumanne ya wiki ya pili, mwenyekiti wa Umoja alikuja na fomu. Alikuwa mkunga mstaafu, mikono mikubwa, sauti ndogo. Alisema daftari lote la mtaa lilikuwa limekwisha kupitiwa. Limebaki jina moja. Kwenye mstari ule hawakuchoma pini, kwa sababu hawakuona mkono wa kuichoma.

Fundi akamwambia waliache. Halimdhuru mtu.

Mkunga hakubishana. Aliiweka fomu juu ya meza ya kazi, akaikandamiza kwa kopo la misumari midogo ili isipeperuke, akaaga. Mlangoni akageuka, akakumbusha kwamba mdahalo ni Jumamosi, na viti vinahitajika. Fundi akasema viti atavitoa.

Alhamisi alikuwa akivalisha kochi la kinyozi. Kitambaa huvutwa, hushikizwa kwa pini, kisha hupigiliwa misumari. Kibati chake cha pini kilikuwa kitupu. Akaingia chumba cha mbele, ambako cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Juu ya rafu kulikuwa na kimto cha pini, duara, saizi ya bakuli. Alikitengeneza yeye. Mke alikitaka kigumu, pini ikiingia isilegee, na yeye alikishindilia pamba na unga wa msumeno mpaka kikawa kama jiwe. Kilijaa pini za vichwa vyeupe mpaka kitambaa hakikuonekana. Aling'oa za kumtosha. Ya katikati ilikataa. Kutu ilikuwa imeishika. Akaiacha.

Alikuwa amepiga magoti kando ya kochi, kumi zimeshachomwa, nyingine amezibana midomoni, wakati shemeji yake alipoingia na bakuli la supu. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu, naye mwanamke wa Umoja, mshona mashuka ya hospitali, na ulimi wake haukuwa na likizo.

Alianza kabla ya kuvuka kizingiti. Alisema shemeji amekonda mpaka suruali inamtafuta. Alisema kama hali supu, basi aioge. Akaiweka mezani, akaona fomu chini ya kopo, hakuigusa. Kisha akaona kochi.

Akanyamaza. Fundi alipomsikia ananyamaza aliinua kichwa.

“Shemeji, hizo pini umezitoa wapi?”

Alielekeza kwa kidevu, chumba cha mbele.

Shemeji akakaa kwenye ukingo wa meza. Akamwambia azitoe kinywani moja moja, taratibu.

“Usije ukameza mtu,” akasema.

Akazitemea kiganjani. Akangoja.

Ndipo akaambiwa. Kila pini nyeupe iliyong'olewa kwenye daftari, dada yake hakuirudisha kwenye kibati. Alisema si vizuri mtu atolewe ukutani halafu pini yake ikashike pindo la sketi. Akaichoma kwenye kimto, ikakaa. Muuza nyama wa kona, mama yake yumo. Bibi muuza mkaa yumo. Mwalimu, dereva wa gari la wagonjwa, pacha wa fundi baiskeli, wote wamo.

Fundi alikumbuka alivyokuwa akimuuliza mke wake kila mara pini zinakwenda wapi, na alivyojibiwa kwamba zina kazi.

“Na ile ya katikati?” akauliza. “Ilikataa kutoka.”

Shemeji alitazama mlango wa chumba cha mbele. Alisema hiyo ni ya mama. Mama yao, wao wawili.

Akamsimulia kitu ambacho nyumba ile haikuwahi kukisikia. Mama yao alipofariki, walimwacha daftarini. Hawakusahau, walimwacha kwa mapenzi. Walikwenda kumtazama ukutani wakishikana mikono, wakasema hapa bado yupo. Uchaguzi ukaja. Baadaye ikajulikana kwamba katika mtaa ule watu kumi na wanne waliokwisha kuzikwa walikuwa wamepiga kura, na mama yao alikuwa mmoja. Mtu wasiyemjua alichukua jina lake, akasimama mahali pake, akachagua alichotaka. Aliwachagulia watu wazima wenye akili zao.

“Tulimtunza vizuri,” shemeji akasema, “mpaka mwizi akamkuta hajaguswa.”

Fundi aliikumbuka siku ile. Mke wake aliingia, akakaa kwenye cherehani, akaendesha mshono mrefu kwenye kitambaa bila uzi. Alimwona. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka, haifungi kitu. Alidhani amechoka, akarudi kwenye kiti chake. Mke naye kwa aibu hakusema, na asubuhi yake aliomba atengenezewe kimto kigumu.

“Angeniambia,” Fundi akasema.

Shemeji alisema ndiyo. Na yeye Fundi angeuliza.

Hakuna aliyekuwa na hasira. Ilikuwa tu imesemwa.

Wakaanza kuzirudisha. Fundi alizing'oa kwenye kochi, akazifuta kwa kitambaa safi, akamkabidhi shemeji, shemeji akachoma. Ipi ilitoka tundu lipi, hakuna aliyejua; aliyejua ndiye waliyekuwa wakimzungumzia. Zilipokwisha, likabaki tundu moja. Walitafuta sakafuni. Fundi akapitisha sumaku chini ya kochi, chini ya meza, ndani ya vumbi la mbao. Hamna. Mwishowe akabonyeza sponji ya kochi, akaisikia ndani. Akafumua upande mzima aliokuwa ameshaupigilia, kazi ya asubuhi nzima, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akaitoa.

Shemeji alisema kinyozi ana bahati. Wateja wake wangekuwa wanamkalia mwalimu.

Fundi akacheka. Sauti ilimshtua mwenyewe. Ilikuwa imekaa siku nyingi bila kutumika.

Kisha akainua kopo la misumari, akaichukua fomu, akaishika kwa pembe kama kitu chenye rangi mbichi. Shemeji akafungua mkoba, akatoa kidau cha wino. Alikuwa nacho tangu Jumanne.

“Bado,” Fundi akasema. “Dada yako hakuanza hivyo.”

Shemeji alimtazama. Akaelewa. Akashuka mezani, akavuta kiti, akakaa mbele yake, mikono mapajani, kama dada yake alivyokuwa akikaa kwenye nyumba za watu.

“Haya, Fundi. Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?”

Alifikiri sana. Nje alipita mtu na mkokoteni, na sauti ya magurudumu ikaisha kabisa kabla hajafungua mdomo.

“Alinirudishia viti,” akasema.

Yakafuata mengine. Alisimulia tepu na bakuli la maji. Alisimulia kabati la kahawia na kabati la kijivu. Chungwa na nanasi, na mara sita. Alisema hajui mpaka leo mke wake alimpigia nani, na kwamba zamani lilimkera, na sasa ni kama zawadi ambayo haijafunguliwa, haitaki kufunguliwa. Alisema kwenye foleni ya kura alisimama nyuma yake kila mara, na anaijua nyuma ya shingo yake kuliko uso wa mtu yeyote. Shemeji hakuingilia hata mara moja, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa kazi ngumu. Supu ilipoa, ikaganda mafuta juu.

Alipomaliza, alinyoosha kidole gumba.

Ijumaa saa tatu alikuwa ofisini, shemeji upande mmoja, mkunga upande mwingine, gundi mfukoni. Karani aliisoma fomu, akauliza mleta fomu ni nani wa marehemu. Akajibu ni mume. Karani akalaza rula kwenye daftari kubwa, mstari wa nne kutoka chini, akavuta mstari mmoja wa wino. Alivuta polepole na ukanyooka. Fundi aliutazama kama anavyotazama kazi ya fundi mwenzake, akaona ni kazi safi.

Mkunga akafungua nakala ya Umoja juu ya kaunta. Kwenye karatasi ya tatu kulikuwa na pini nyeupe mpya; Fundi aliichoma mwenyewe jana jioni, baada ya kutia kidole kwenye fomu. Akaing'oa. Akaichomeka kwenye ukosi wa koti.

Wakati wa kutoka hakutazama ukutani. Alisimama kwa mlinzi, akageuza kile kiti, akatia gundi kwenye mguu, akaufunga kwa kamba, akaonya kisikaliwe mpaka kesho. Mlinzi akauliza kama na kesho atakuja kutazama daftari. Akasema hapana, atakuja kutazama mguu.

Nyumbani aliondoa shuka juu ya cherehani. Akakiweka kimto chini ya dirisha. Kilikuwa kimejaa hasa, ikabidi apapase kwa ncha ya kidole, na kilikuwa kigumu kama alivyokishindilia miaka ile. Kando ya ile ya katikati, yenye kutu, palikuwa na nafasi ndogo. Pini ilikataa mara ya kwanza. Akaweka gumba lake, ambalo bado lilikuwa na wino, akasukuma mpaka kichwa kikagusa kitambaa.

Kisha akapanda darini, akavishusha viti sita. Kigoda nacho. Shemeji ndiye angeshika kengele kesho, na alikuwa ameshaomba kiinuliwe kidogo, kwa ajili ya magoti yake. Fundi alikataa.

Akavipanga karakanani. Akaweka ubao, akaweka bakuli, akamimina maji. Yalitulia. Halafu yakaegemea kushoto, kidogo sana, mtu mwingine asingeona.

Akakigeuza kiti cha pili juu chini, akashika randa.